Mamilioni ya mnadani hayafiki kwa mchoraji

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, umeona kwenye simu picha moja ya ukutani imeuzwa mnadani Ulaya kwa mabilioni ya shilingi, na kaka yako ni mchoraji, yuko Berlin mwaka wa kumi na moja sasa, mbona nyumba ya mama pale Mtanda, Lindi, imeishia kwenye lenta? Pili, kwa nini sichori tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, wakati wageni wanazipenda na vijana wa Dar wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Nimemsikia na mjomba akiguna pembeni. Basi nawajibu wote, na mama msomee polepole.

Nianze na hela. Mnadani mchoraji hauzi. Anayeuza ni mtu aliyeinunua picha ile zamani, akaiweka, bei ikapanda. Mwaka 2015 picha ya Gerhard Richter, mzee wa Kijerumani, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 30, na fedha ile ilikwenda kwa aliyekuwa na picha. Sheria za Umoja wa Ulaya humpa mchoraji fungu lake picha inapouzwa tena: linaanzia asilimia 4, bei ikipanda asilimia inashuka, na mwisho wake ni euro 12,500. Picha iuzwe milioni 30 au milioni 300, mchoraji havuki hapo. Na mimi hata huko sijafika. Picha yangu ikiuzwa euro 1,200, galari, yaani duka la picha, inachukua nusu, ndiyo desturi ya huku. Katika zile 600 toa rangi, kanvasi, fremu na kodi ya chumba ninachochorea. Mwaka jana niliuza picha tisa. Kinachonilisha na kunipa bima ya matibabu ni ghala moja nje ya mji, ambako siku tatu kwa wiki napanga makasha kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Hela ninazowatumia zinatoka ghalani. Sikuwahi kulisema hili, na nilikosea kuwaacha mkidhani zinatoka kwenye picha.

Sasa kuna jambo ambalo mama lazima alisikie kutoka kwangu. Nyumba yake ingeweza kuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyekataa.

Mnamjua mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kwetu Lindi. Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu wetu kwa miguu, siku hadi siku, mpaka bandarini Lindi. Amesimama hapa Berlin kwenye jumba la makumbusho, kimo chake kinapita mita 13. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikwenda kumwona, nikakaa chini yake hadi walipofunga milango. Bibi alikuwa akisema babu yake alikuwa miongoni mwa wapagazi. Niliporudi chumbani kwangu nilichora picha tatu za wale watu: shingo zao, vitambaa vya kichwani chini ya mzigo, vumbi. Nilizichora kwa sababu zilikuwa zinaninyima usingizi.

Mwenye galari mmoja aliziona. Akanipa mkataba: euro 1,500 kila mwezi kwa miaka miwili, na mimi nimpe picha 12 kila mwaka, zote za wapagazi, mifupa na ukoloni, kwa rangi zilezile za udongo. Kila nitakachochora kipitie kwake. Kwenye matangazo nitaandikwa mchoraji wa Afrika anayechora majeraha ya bara lake. Piga hesabu mwenyewe: euro 36,000. Hiyo ni lenta, paa, sakafu, na kisima juu.

Nilikaa na karatasi ile wiki mbili. Kilichokuwa kinanirudia kichwani ni kangomba, kule kuuza korosho kabla hazijavunwa. Mnakumbuka baba alivyokuwa akirudi kutoka shambani mwezi wa nane, mikorosho ingali na maua, na yule mnunuzi ameshaacha hela mezani? Hela ile ilitutoa njaa, kweli. Lakini msimu ulipofika, korosho zilikuwa za mtu mwingine, na baba alikuwa kibarua kwenye miti aliyoipanda kwa mkono wake. Hakuwa akitusemesha siku za kuvuna.

Nilichokuwa nacho kuhusu wapagazi kiliisha katika picha tatu. Ya nne ningeiiga kutoka kwenye ya tatu, ya ishirini ningeiiga kutoka kwenye ya kumi na tisa, na watu wale waliobeba mifupa hawastahili kubebeshwa tena mzigo kwa ajili ya kodi yangu. Sikuweza. Nikarudisha karatasi bila kusaini.

Kuhusu tingatinga, usidhani nazidharau. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Tunduru, 1932. Alifika Dar akiwa mtu wa vibarua, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'arisha vyuma, za baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuvinunua. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa, na ni baada yake ndipo jina lake likawa aina ya picha. Nikimheshimu mtu yule, nachukua ule ujasiri wake wa kuchora kwa alichonacho na kwa anavyoona. Twiga wake namwachia mwenyewe. Hata George Lilanga, aliyechonga mpingo kabla ya kushika brashi, na ambaye mashetani wake hawafanani na mnyama yeyote wa Tingatinga, huku wengi humtia kwenye kapu hilohilo.

Yule Richter naye alizaliwa 1932. Alikimbia Ujerumani Mashariki mwaka 1961, ambako serikali ilitaka wachoraji wasifu wafanyakazi. Alipofika Magharibi hakukubali kusimamishwa mahali: mara picha zenye ukungu zilizotoka kwenye fotografia, mara mishumaa, mara rangi tupu zilizoburuzwa kwa ubao mrefu. Wataalamu wamemwita majina mengi, hakuna lililomtosha. Soko lilimfuata alikokuwa. Sisemi litanifuata na mimi. Wengi halikuwafuata, wamezeeka kwenye maghala kama langu.

Ninachochora sasa ni ghuba yetu maji yakipwa. Kijivu, matope, mstari wa mikoko, na mbali kabisa wanawake wanaorudi kuchokoa pweza, wadogo kama punje za mtama. Mteja mmoja aliniuliza Afrika iko wapi hapo. Nilimwambia hiyo ni Lindi saa kumi na mbili asubuhi, na akaondoka bila kununua. Nimeshamaliza kumi na nne. Kila moja ninapoimaliza najua kitu ambacho sikukijua nilipoianza, na hilo sijalipata kwenye kazi nyingine yoyote maishani.

Mama, unanidai paa, na deni nalikubali. Kuanzia mwezi ujao naongeza siku ya nne ghalani hadi mabati yapatikane. Fundi aje apime sasa, anitumie hesabu ya mbao na misumari, asikadirie.

Na wewe mdogo wangu, siku ukivuka na kivuko kwenda Kitunda, subiri maji yatoke kabisa, unipigie picha ukitazama upande wa mji. Usiweke mtu mbele. Nataka kuona lile tope linaishia wapi, maana kwenye kumbukumbu yangu mstari ule umeanza kufutika.