Jibu: Kuunganisha vibao vya miaka ya themanini

Mkuu, umeuliza kwa nini ukipiga muziki wa kucheza ukumbini, ukitoka "Billie Jean" ya Michael Jackson kwenda "Take On Me" ya kundi la a-ha, watu wanarudi vitini. Tatizo ni kasi. "Billie Jean" inakwenda mapigo 117 kwa dakika. Ile ya a-ha inakaribia 169. Hakuna mguu unaoruka pengo hilo, na ukivuta kasi ya wimbo kwa programu ya kompyuta ili zilingane, sauti inaharibika.

Baada ya Michael Jackson weka "Into the Groove" ya Madonna (1985), nayo iko karibu na 117, kisha "I Wanna Dance with Somebody" ya Whitney Houston (1987), kama 119. Unapandisha taratibu na hakuna anayegundua.

"Blue Monday" ya New Order (1983) ni 130 hivi, kwa hiyo isubiri mpaka ukumbi uchemke. Tafuta toleo la santuri ya inchi 12, lenye zaidi ya dakika 7. Linaanza na mdundo mtupu wa mashine, ule wa kugonga mfululizo kama bunduki, na hapo ndipo pa kuunganishia. Shusha besi ya wimbo unaotoka kabla hujafungua ya unaoingia. Besi mbili zikikutana, spika zinanguruma tu na mdundo unapotea.

Halafu, CD za zamani nyingi zina sauti ya chini kuliko nyimbo za leo. Sawazisha kila wimbo mapema kwa hedifoni.

"Take On Me" iweke mwishoni kabisa, ianze yenyewe baada ya kimya kifupi. Kile kinanda kikilia tu, wote watasimama.