Kapasita hazijavimba, lakini inveta inazima

SWALI: Inveta yangu ya sola ya kW 3, betri V 24, inalia na kuzima kila asubuhi nikiwasha birika la umeme la W 2,000. Mchana haina shida. Kapasita (vihifadhi vya chaji) mbili kubwa za basi la DC, yaani njia ya ndani ya umeme wa DC wa volti nyingi (µF 470, V 450), hazijavimba. Nimezing'oa, kila moja inasoma µF 430. Nizibadilishe? – Fundi, Kahama

JIBU: Kwanza betri. Birika hilo linavuta karibu A 90, na asubuhi betri imechoka. Washa birika huku mita iko kwenye vituo vya inveta vyenyewe, si vya betri. Volti ikishuka chini ya 22, mkosaji ni betri, waya au kichwa cha waya kilicholegea.

Betri ikisimama imara, rudi kwenye kapasita. Hizo 430 ni pungufu ya asilimia 9 tu. Kikomo ni asilimia 20, yaani µF 376. Ila multimita inapima ujazo (kiasi cha chaji kapasita inachoweza kushika, kwa µF) peke yake. Ukinzani wa ndani, ule mafundi wanaouita ESR, haiuoni, na unaweza kupanda kabla ujazo haujashuka sana. Majimaji ya ndani hupenya taratibu kwenye mpira wa chini, kopo likabaki bapa kama jipya. Tumia mita ya ESR, linganisha na kapasita mpya ya aina hiyohiyo, zote zikiwa na joto moja, maana baridi huipandisha ESR. ESR ikifika mara mbili ya ile mpya, itupe. Usisahau zile ndogo za upande wa betri: mara nyingi ndizo zinazobeba mkondo mkali wa masafa ya juu, na hukauka mapema.

Ukizirudisha kubwa, pima V za AC (mawimbi yanayopanda juu ya DC, yaani ripo) kwenye basi birika likiwaka. Kwa µF 940 (zote mbili pamoja) na basi la V 380 tarajia takriban V 6. Ikikaribia 8, ujazo umeshuka kwa asilimia 20. Andika namba uliyosoma ndani ya kifuniko, upime tena kila miezi sita.

Kabla ya kugusa, tenga paneli na betri, kisha toa chaji kwa rezista ya kΩ 2.2, W 10, kwa sekunde 15, na uhakikishe kwa mita. Bisibisi itakutolea cheche na kula pini. Ukinunua, chukua za nyuzi joto 105, zenye mkondo wa ripo usiopungua ule wa zamani, na ubadilishe zote mbili pamoja.