Gazo (majani ya kupamba mbele ya nyumba) juu ya lava: majibu ya barua zenu za mwezi wa 8

*Mama, habari ya kazi. Niko na parseli (kiwanja) ku Majengo, hapa Goma, nyumba tulijenga palepale lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita. Mwaka jana tulileta udongo ku lori, tukautandaza mbele ya baraza, tukapanda paspalumu, aina ya majani ya gazo, ikaota vizuri mpaka watu wa kupita walikuwa wanasimama kuangalia. Sasa tuko mwezi wa 8, gazo imekuwa sawa ngozi ya mbuzi mgonjwa, hapa kahawia, hapa njano, pale jiwe jeusi linachungulia. Bwana yangu anasema tumwage maji kila siku, lakini sisi maji tunanunua ku bidoni (madumu). Tufanye nini? – Mama wa Majengo*

Pole mama. Kwanza chukua kipande cha ferabeto (chuma cha kujengea), zunguka nacho mu gazo, uchome chini kila hatua mbili. Kama kinagonga jiwe kabla ya sentimita 10, jibu umeshapata, sio ugonjwa wa majani, ni udongo haupo. Hilo jiwe jeusi halikupanda mama, udongo ndio ulishuka. Lava iko na nyufa na matundu kila pahali, mvua ya mwezi wa 3 mpaka wa 5 inausukuma udongo mule ndani polepole na wewe unaona majani ya kijani tu unafurahi, siku jua la mwezi wa 6 linaanza kupiga ndio unajua. Mimi hiyo ilinipata. Nilitandaza udongo wa vidole vinne nikaanza kujisifu kwa majirani, halafu siku moja mtoto akaniita nione "nyumba ya panya", kumbe ni udongo umezama, nikatia mkono mpaka kiwiko na sikugusa chini.

Kwa hiyo usimwage pesa kwa maji kwanza. Hesabu tu: tuseme mbele ya nyumba ni mita 6 kwa 5, ni mita mraba 30, kila moja inaomba kama lita 10 ili maji yafike ku mizizi, hiyo ni lita 300, bidoni 15 kwa mara moja, na bwana yako sijui kama ndiye atazibeba. Paspalumu ikikosa maji inalala, haifi haraka, pale penye udongo wa kutosha itageuka njano na mvua ikirudi utaiona inaamka yenyewe. Iache. Na yule kijana mwenye kupekupe (panga la kukatia majani) mwambie apumzike mpaka mvua irudi, sababu wengi wao wanakata mpaka udongo unaonekana kama kichwa kimenyolewa, na jua likipiga pale mizizi inaungua. Wakati wa jua acha majani yafike sentimita 6 au 7. Wakati wa mvua kata mara kwa mara lakini usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Pale penye jiwe sasa ndio kazi. Ng'oa gazo na udongo wake, weka mu magunia yenye unyevu, pahali pa kivuli. Jaza nyufa na mawe madogo, ugongeze vizuri, juu yake kokoto, halafu udongo wa kawaida ukanyage kwa miguu (watoto wanapenda hii kazi, waite), mwisho udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza. Iliyooza mama, sio ya jana, samadi mbichi inachoma mizizi, na ya kuku ndio kali zaidi, iache ilale miezi miwili au mitatu. Weka sentimita 20 sababu itashuka, unataka ibaki 15. Hiyo yote fanya sasa, udongo ukiwa mkavu, lakini kupanda ngojea. Mvua ya kwanza ya mwezi wa 9 inadanganya, inanyesha siku moja halafu wiki nzima hakuna kitu. Ikishanyesha mara tatu nne mfululizo, gawanya vishina vya paspalumu, kila kimoja na mizizi yake, uvipande kwa umbali wa shubiri moja.

Na zile video za Ulaya zinazosema andaa gazo kabla ya baridi ya mwezi wa 11, ziache kabisa. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa mita kama 1,500, joto letu halibadiliki sana, kwetu majira ni mvua ao jua, basi. Mwezi wa 11 sisi ndio tuko katikati ya mvua.

*Nilinunua ua la ortansia la buluu, sasa inachanua pinki. Muuzaji alinidanganya? Na mimi naitunza kabisa, hata majivu ya makala naimwagia kila wiki. – Dada wa Katindo*

Muuzaji hana kosa dada, ni hayo majivu. Ortansia inapata buluu yake kwa aluminiamu ya mu udongo, na inaweza kuivuta tu udongo ukiwa na asidi. Majivu yanaua asidi, rangi inarudi pinki. Hata saruji ya ukuta mpya inaweza kufanya vile kama ua liko karibu sana. Acha majivu, peleka kidogo ku makabichi, ortansia ifunikie majani makavu na masalia ya kahawa bila kugusa shina, na uvumilie, rangi haigeuki wiki moja. Usikate matawi yote ya zamani, maua mengi yanatoka pale, ondoa tu vichwa vilivyokauka. Na siku volkano ikituletea majivu yake, osha majani na maji safi asubuhi mapema.

*Sisi tuko upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo karibu na Goma. Kona moja ya chini ya bustani majani hayaoti, na mara mbili tumekuta kuku amekufa pale asubuhi, hana jeraha. Ni sumu ya jirani? – Papa wa watoto wanne*

Papa, acha jirani. Hiyo inafanana na mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chini na kukaa mu mabonde sababu ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na usiku mpaka asubuhi bila upepo ndio inajaa. Inaua watu pia. Usichimbe pale, usiiname kuokota kuku, weka uzio leo watoto wasifike, na uwaambie watu wa Observatoire Volcanologique de Goma (wale wanaochunguza volkano) waje wapime. Maua utapanda ile kona ya juu.