Bunduki ya pampu inagoma kukokika baada ya kupigwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki kwa leseni bunduki ya marisau ya geji 12, ile inayokokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele. Ikiwa tupu huvutika vizuri, lakini nikishapiga risasi mbili tatu mkono hukwama, hata inanibidi nigonge kitako chini ndipo ganda litoke. Nimeongeza mafuta bila nafuu. Tatizo ni nini? – Mkulima, Iringa.

JIBU: Kwanza acha kabisa kugonga kitako chini, maana mtutu huwa umeelekea usoni pako, na huna hakika kwamba kilichonasa ni ganda tupu.

Dalili uliyoieleza inatosha kutuonyesha chanzo. Kwa kuwa bunduki huvutika vizuri ikiwa tupu, yaelekea kasoro haiko kwenye mkono wala reli zake, bali ganda ndilo linalong'ang'ania chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Risasi inapolipuka, shinikizo hutanua kitako cha ganda mpaka kibane kuta za chemba. Kitako cha shaba ya njano hunywea baadaye, lakini kile cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ambacho ni cha kawaida kwenye risasi za bei nafuu, hunywea kidogo tu, na chemba ikiwa na kutu au masizi hapo ndipo hukwama. Kitako cha risasi zako kikinasa sumaku, jaribu risasi chache za kitako cha shaba.

Kisha toa risasi zote, kagua chemba na magasini kwa jicho na kwa kidole, fungua mtutu, usugue chemba kwa burashi ya shaba na kiyeyusho, halafu uikaushe. Mafuta uliyokuwa ukiongeza, kama yaliingia chembani, yamekusanya masizi tu. Msasa usiuguse, chemba iliyochimbika hairudi, kwa hiyo kazi ya kung'arisha mwachie fundi bunduki mwenye kibali.

Soma pia maandishi ya ubavuni mwa mtutu yanayotaja urefu wa chemba. Risasi ya milimita 76 huingia bila shida katika chemba ya milimita 70, kwa sababu kipimo hicho ni cha ganda likiwa limekwisha kufunguka mdomo baada ya kupigwa, na linapofunguka mahali pasipolitosha shinikizo hupanda kwa hatari.

Ikigoma ikiwa imekokiwa na haijapigwa, huo si ubovu: bonyeza kitufe cha kuachia, ambacho kwenye Remington 870 kiko mbele ya kinga ya kifyatulio, na kwenye Mossberg 500 kiko nyuma yake.