Nina diploma, lakini kaye (daftari la hesabu) ya mjomba inanitisha

SWALI: Mama, salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 23, ni mtoto wa kwanza kwetu. Nimemaliza masomo ya kontabilite (uhasibu). Mjomba ana depo ya simenti na mabati karibu na soko la mtaa wetu wa Kenya, anataka nimshikie hesabu. Nilipofungua kaye yake niliishiwa nguvu: madeni ya dola na ya faranga yamechanganyika, wateja wameandikwa "Baba Mapasa" au "yule wa Ruashi". Chuoni nilipata distinksio, pale sikujua nianzie wapi. Tena, siku ya mahari ya mama mdogo, wazee waliniita nikae nao niandike vilivyoletwa. Mkono ulitetemeka mpaka mwisho. Sijioni mtu mzima. Nikubali kazi, au kwanza nitafute mafunzo mengine?
Yaya (dada mkubwa) wa wadogo wanne

JIBU: Mwanangu, kubali.

Barua yako yenyewe ndiyo inanifanya niseme hivyo. Asiyejua hesabu angeisoma kaye ile na kuifunga bila wasiwasi. Wewe uliona palepale kwamba dola na faranga zimechanganyika. Hilo jicho umelipata chuoni.

Nimeshika hesabu za watu humu Lubumbashi miaka mingi, kwa hiyo niruhusu niingie depo pamoja nawe. Mlifundishwa mfumo wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, na kwenye mtihani kila ankara ilikuwa na tarehe. Kwa mjomba hutaikuta hali hiyo. Lakini OHADA hiyohiyo imewawekea wafanyabiashara wadogo utaratibu mwepesi: kufuata fedha inayoingia na inayotoka. Anzia hapo. Fungua kaye mpya. Siku ya kwanza hesabuni pamoja mifuko ya simenti, mabati na fedha ya droo, mjomba atie sahihi. Kila jioni hesabu droo tena. Dola safu yake, faranga safu yake, na juu ya ukurasa uandike kiwango cha kubadilisha dola cha siku hiyo. Mteja akichukua mabati kwa bei ya dola leo, akaja kulipa faranga mwezi ujao kwa kiwango cha leo, mjomba anaweza kupata hasara asiione popote.

Madeni ya zamani mkae chini muyapitie jina kwa jina. Baba Mapasa ni nani, simu yake ipi, amebakiza nini? Hayo anayajua mjomba, hakuna chuo kitakachokufundisha. Ndiyo maana mafunzo mengine nayaona ni kuahirisha tu.

Wasiwasi wa siku ya mahari ni mwingine, usiufunge pamoja na huu. Sheria yetu inakuhesabu mtu mzima tangu miaka 18, lakini moyo haufuati tarehe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika mwaka 2000 kuhusu umri wa miaka 18 hadi 25: wengi ndani yake hawajioni watoto wala hawajioni watu wazima kamili. Alikuwa akiwaangalia zaidi vijana wa kwao. Kwetu naona mzigo wa mtoto wa kwanza ni mzito zaidi, maana nyumbani wadogo wanakuita yaya na kukungojea, halafu mbele ya wazee unatafuta mkeka wa watoto ukae. Na wazee hawakukupa kalamu kwa huruma. Orodha ya mahari ikikosewa, familia mbili zinagombana. Hukuniandikia kwamba ilikosewa, nami naamini ungeniandikia. Mkono ulitetemeka na orodha ikatoka sawa.

Ninachokihofia mimi ni mshahara. Kazi ya ndugu huanza kwa "tutaona", na baadaye binti anaona haya kuuliza. Mwambie mjomba wiki hii: miezi mitatu ya kujaribu, kiasi kitajwe mbele ya mama yako, na ufunguo wa droo uwe kwako au kwake, usizunguke kwa watu watatu.