Muulize Mzee Timazi: Fundi anataka kufunika ukuta mbichi kwa vigae

Shikamoo Mzee Timazi. Naishi Buruburu, huku Eastlands ya Nairobi, katika nyumba niliyoachiwa na wazazi. Ukuta wa chumba cha watoto huota ukungu kila masika, na rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi magotini. Kitindamimba wangu anabanwa na kifua. Miaka michache iliyopita tulitandika kabro, vile vitofali vya zege vya kufunika ardhi, nje ya ukuta huo tupate pa kuegesha gari. Fundi asema nibandike vigae hadi dirishani, mambo yataisha. Nimpe kazi?
– Mama Watatu

Marahaba, mama. Usimpe. Vigae havikaushi ukuta. Maji yakikosa pa kutokea hapo chini yatapanda, na masika ijayo utayaona juu ya vigae.

Mimi naishuku hiyo kabro. Juu ya msingi hulazwa utepe mweusi, mafundi huuita DPC, kazi yake kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Ardhi ya nje yapasa kuwa chini ya utepe huo kwa sentimita 15 hivi. Ukimwaga mchanga kisha kabro juu yake, umeuzika utepe, na maji yanaingilia juu yake.

Lakini hakikisha kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kwa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta umande nyuma yake, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, ni pumzi zenu na nguo mnazoanika ndani. Baridi ya Juni hadi Agosti tunaijua. Hapo tazama matundu ya hewa juu ya dirisha. Watu huyaziba kwa magazeti wakiogopa mbu, nami nimewahi kukuta soksi. Yazibue, uweke wavu.

Ikiwa ni ukuta, ng'oa kabro upana wa futi moja na nusu kandokando yake. Chimba mpaka utepe uonekane na ardhi ishuke kiasi nilichotaja, kisha ujaze kokoto zisiufunike utepe, na kuyapa maji mwinamo hadi mtaroni. Mwinamo usiupuuze: udongo mweusi wa Eastlands hunywa maji ukavimba, ukikauka unapasuka, na msingi hauupendi mchezo huo. Hii ni kazi ya kibarua na sururu, na kabro utakazong'oa zihifadhi.

Ndani, bandua plasta iliyooza hadi nusu mita kupita alama ya maji, uache ukuta upumue. Kwa makadirio ya mafundi wa zamani, ukuta hukauka inchi moja kwa mwezi, kwa hiyo anayekuahidi wiki mbili anakuuzia rangi. Plasta mpya iwe ya chokaa na mchanga, saruji kidogo tu, na rangi ya mafuta usiiguse.

Mtoto asilale chumba hicho. Mpeleke kliniki sasa, maana ukungu huchochea pumu na ukuta una miezi yake.

Zungumza na majirani pia. Kama nao wametandika kabro ukuta kwa ukuta, mvua yao inakuja kwako na yako inakwenda kwao. Mfereji mmoja wa kokoto kwa nyumba zote ni nafuu kuliko kila mtu kuchimba wake. Najua mikutano yenu huishia kwenye geti na mshahara wa mlinzi, basi hili litajwe mwanzo.

Na kama fundi ameshanunua vigae, vipeleke bafuni.