Muulize Fundi: Cheche bila betri

SWALI: Shikamoo fundi. Jiko langu la gesi la plati mbili halina betri wala waya wa kuchomeka ukutani, lakini nikizungusha swichi linalia "ta!" na cheche inaruka. Mume wangu anashikilia kwamba kuna betri imefichwa ndani. Umeme huo unatoka wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba dada. Mwambie shemeji hata akilifungua lote hataikuta. Nyuma ya swichi kuna springi, kinyundo cha chuma na kipande kidogo cha kauri. Ule mlio ni kinyundo kikiigonga kauri.

Kauri hiyo ina madini ya risasi, zirikoni na titani. Mafundi tunaiita PZT. Ndani ya fuwele zake chaji chanya na hasi hazikukaa sawa, zimeegemea pande tofauti. Kiwandani hupashwa moto ikiwa kwenye umeme mkali mpaka maegemeo hayo yaelekee upande mmoja, na ikipoa yanabaki hivyo. Ikigongwa inabonyea kidogo mno, chaji zinasogea, na volti elfu kadhaa zinajitokeza. Mkondo wake ni hafifu. Ukikurusha utashtuka na kusema maneno, basi.

Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikikandamizwa hutoa umeme. Mimi natengeneza mashine za hospitali, na ninachokipenda zaidi ni kinyume chake: ipe kauri umeme, nayo itatikisika. Kile kifaa unachopitishiwa tumboni wakati wa ultrasound kina safu ya vipande vya namna hiyo. Vinatikisika mara milioni kadhaa kwa sekunde, kisha vinapokea mwangwi na kuugeuza umeme tena. Kikiangushwa sakafuni vinapasuka, ndiyo maana wauguzi wananiona mkali.

Fuwele nyingine ya ukoo huu, lithiamu niobati, hucheza na mwanga. Ikipewa umeme, kasi ya mwanga unaopita ndani yake hubadilika, na kwa njia hiyo data hupakiwa kwenye mwanga wa leza unaosafiri katika nyaya za faiba za masafa marefu.

Sasa jiko. Siku likilia "ta!" bila cheche, usiilaumu kauri kwanza. Mara nyingi mchuzi umemwagikia ile ncha inayorusha cheche na umeme unapotelea kwenye uchafu. Funga gesi mtungini, subiri jiko lipoe, futa ncha, ikauke kabisa. Lisipolia kabisa, huenda springi imechoka: nunua swichi nzima, haifai kuchokonoa.